Sheria Iliyofika Baada ya Muuguzi

Katika vijiji vya bonde la Momba, na hata pembezoni mwa mji wa Tunduma, mtu akisema "nimetoka kwa dokta" mara nyingi anamaanisha muuguzi. Hajakosea sana. Muuguzi ndiye aliyempima, akamwandikia dawa, akamchoma sindano, na usiku wa manane akamzalisha mkewe. Daktari mwenye shahada yuko mbali, hospitalini, na kumfikia kunahitaji nauli na barabara inayopitika. Mwanakijiji alimwita muuguzi kwa kazi anayoifanya. Vitabu vya sheria ndivyo vilivyochelewa, na kisa cha kuchelewa huko kina miongo mingi ndani yake.

Mwaka 1965 huko Colorado, Marekani, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya wauguzi watakaoweza kuchunguza wagonjwa na kuwatibu. Tangu hapo wauguzi wa Marekani wamepigana jimbo kwa jimbo ili waruhusiwe kufanya kazi bila saini ya daktari juu yao. Ni vita ya kumwondoa msimamizi aliyepo. Huku kwetu msimamizi hakuwapo tangu mwanzo. Muuguzi wa zahanati hakuhitaji kuomba uhuru wa kuwa peke yake, kwa sababu upweke alishapewa siku ya kwanza alipokabidhiwa funguo za jengo. Alichokosa ni sheria ya kusimama naye huko peke yake.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wake wazalendo walikuwa 12, idadi inayoenea kwenye basi dogo. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Hata madaktari hao wote wangehamia nyanda za juu kusini, wasingezimaliza tarafa. Kwa hiyo nchi ilifanya kilichowezekana: iligawa kazi ya daktari vipande vipande na kuwapa watu wengine. Mwaka 1963 yalianza mafunzo ya madaktari wasaidizi, ambao baadaye walikuja kufanya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa katika miaka ya 1970, zahanati zilijengwa vijijini na kukabidhiwa waganga wasaidizi wa vijijini, wauguzi, na wahudumu wa afya ya mama na mtoto.

Lakini kazi haikugawanywa kwa haki. Daktari msaidizi alipewa mafunzo, cheo na mamlaka ya kushika kisu. Tabibu alipewa mafunzo ya kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Muuguzi alifundishwa kuuguza na kuzalisha, kisha tabibu alipohamishwa, alipokwenda likizo au alipokosekana kabisa, muuguzi akaachiwa na yaliyobaki. Kwenye karatasi alikuwa mtu wa kutekeleza maagizo. Kwenye zahanati hakukuwa na mtu wa kumpa maagizo hayo.

Mgonjwa akipona, hakuna anayeuliza nani aliandika dawa. Mama akifariki, swali la kwanza linakuwa: nani alikuruhusu? Muuguzi aliyetoa dawa iliyo nje ya mipaka yake hana cha kujibu, na aliyekaa akisubiri gari la wagonjwa huku damu ikimwagika hana cha kujibu pia. Hapo ndipo uhuru wa kisheria unapoacha kuwa mjadala wa vyeo.

Mlango mwingine wa uhuru ulikuwa kujiajiri, na huo ulifungwa rasmi. Sheria ya mwaka 1977 ya kudhibiti hospitali binafsi ilipiga marufuku tiba ya kibiashara. Mashirika ya dini yaliendelea. Hospitali za Wamoraviani za Mbozi na Isoko ni sehemu ya urithi huo katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe. Mtu binafsi hakuruhusiwa. Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa na mlango ukafunguliwa, ila waliotajwa kuwa na haki ya kuendesha hospitali binafsi walikuwa madaktari wa tiba na wa meno wenye sifa. Muuguzi aliyezalisha akina mama kwa miaka 30 alibaki nje, akitazama ndani.

Wauguzi wakunga walilipeleka suala lao mbele, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mabadiliko ya sheria yakawaruhusu kuanzisha huduma zao wenyewe za uzazi. Wakaunda chama chao, PRINMAT, cha wauguzi na wakunga binafsi. Ulikuwa ushindi wa kweli: kwa mara ya kwanza, mkunga wa Tanzania angeweza kutundika kibao chenye jina lake mlangoni.

Kilichofuata kinafundisha zaidi ya ushindi wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanyika katika wilaya 9 za Tanzania, ulikuta nyumba za uzazi za aina hiyo zipatazo 60 tu. Wenyewe wengi walikuwa wauguzi waliostaafu serikalini au waliokaribia kustaafu. Walikuwa wakiogopa umaskini wa uzeeni, wakitaka kubaki na heshima ya taaluma yao, na wakitaka kuendelea kuwahudumia majirani. Lakini kanuni zilidai jengo lenye viwango vinavyokaribiana na vya serikali, kwa hiyo mkunga hakuweza kuanza na mkoba wake na miguu yake, akizunguka nyumba kwa nyumba. Mikopo ya kuanzia ilikuwa adimu na usajili ulikuwa na mizunguko mingi. Wateja nao walizoea huduma ya bure ya serikali na hawakuweza, au hawakutaka, kulipa gharama halisi. Sheria ilikuwa imetoa ruhusa bila kutoa njia.

Wakati huohuo, mkono mwingine ulikuwa ukilisukuma jambo hili. Tunduma ni mji wa mpakani. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo hupanga foleni hapo, madereva hulala, biashara za usiku hustawi, na virusi vya UKIMWI havikuhitaji pasipoti. Mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi ulipoanza mwaka 2004, tiba ilianzia hospitali kubwa, mikononi mwa madaktari. Kwa mgonjwa wa kijijini, safari ya kwenda Mbeya kila mara ilikuwa adhabu. Hesabu ilikuwa rahisi: wagonjwa walikuwa wengi mno, madaktari wachache mno. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya kuhamishia kazi kwa watumishi wa kada nyingine, na hatua kwa hatua wauguzi wa Tanzania wakafundishwa kuwaanzishia wagonjwa dawa na kuwafuatilia.

Katikati ya safari hiyo, Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 iliweka msingi mpya: Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, usajili, na leseni ambayo bila hiyo hufanyi kazi. Leseni ni kitu chenye makali pande mbili. Inamtambua muuguzi kuwa mtaalamu anayejibu kwa jina lake, na kwa jina hilohilo anaweza kuitwa mbele ya Baraza. Mwaka 2016, mwaka uleule Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya na kuwa mkoa wenye makao yake Vwawa, wizara ilitoa mwongozo wa kugawana majukumu katika sekta ya afya. Hatimaye kilichokuwa kikifanyika kwa miongo kadhaa kikaandikwa.

Madaktari wenye wasiwasi wasipuuzwe. Wanauliza nani atabeba madhara muuguzi akikosea, na swali hilo ni la haki. Jibu bora tulilonalo linatoka kwa binamu wa muuguzi, daktari msaidizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka hospitali za Mwanza na Kigoma ulionyesha kuwa madaktari wasaidizi ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi, na matokeo yao hayakutofautiana kwa kiasi cha maana na ya madaktari kamili. Lakini wale walikuwa wamefundishwa kazi hiyo na walikuwa na chumba cha upasuaji. Hawakurithi kazi kwa sababu mwenzao amehamishwa. Usalama ulitoka kwenye maandalizi hayo, na cheo peke yake kisingeuleta.

Ndiyo maana neno uhuru linahitaji kupimwa vizuri tunapozungumzia wauguzi wa mikoa kama Songwe. Kumwacha mtu peke yake na kumwita huru ni njia ya bei rahisi ya kumtelekeza. Uhuru wenye maana kwa muuguzi wa Momba au Ileje una vitu vinne: mafunzo ya kazi anayoifanya kweli, dawa kabatini, gari la rufaa linalokuja likiitwa, na kifungu cha sheria kinachosema kwamba alichofanya saa 8 usiku kilikuwa halali yake kukifanya.

Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika kwa urahisi. Mwongozo hutolewa na wizara na unaweza kubadilishwa na wizara. Sheria hupita Bungeni, na mahakamani ndiyo inayosomwa kwanza. Wauguzi wa Tanzania wametumia zaidi ya nusu karne wakifanya kazi kwanza na kupata ruhusa baadaye. Wanaoandika sheria zijazo wangeweza, kwa mara moja, kufika zahanati kabla ya mgonjwa.