Mkono wa kushoto wa Girl Guides

Mtoto wa Kiswahili hufundishwa mapema kwamba mkono wa kutoa na kupokea ni wa kulia. Akinyoosha wa kushoto, mama humkodolea macho. Kwa hiyo msichana anapojiunga na chama cha Girl Guides, kitu cha kwanza kumshangaza ni salamu: wenzake wanampa mkono wa kushoto. Ataelezwa kwamba mpiganaji hushika mkuki kulia na ngao kushoto. Akitaka kukupa mkono wa kushoto, sharti kwanza aiweke ngao chini. Maana yake ni kwamba anakuamini. Kwangu mimi, salamu hiyo yashinda hotuba nyingi za uaminifu.

Chama hiki wasichana walikidai wenyewe. Mwaka 1909, maskauti wavulana walipokusanyika Crystal Palace, London, walijitokeza wasichana waliovaa kama wao, wakasema nao ni maskauti. Mwaka 1910 Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, akamkabidhi dada yake, Agnes, kazi ya kuwaongoza katika chama chao wenyewe. Kenya kilifika 1920, Tanganyika 1928. Kanuni ya chama ilisema kila Guide ni dada wa mwenzake, lakini Kenya ya kikoloni ilitenga shule kwa rangi, na dada hao hawakukaa darasa moja. Doa hilo lisifichwe. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, Kenya ikawa mwanachama kamili wa chama cha dunia, WAGGGS.

Siri ya chama imo katika kikundi kidogo, wasichana sita hadi wanane, na kiongozi ni mmoja wao. Watazame kambini jioni. Kuni ni mbichi, moshi umewajaa machoni, mafiga yamepangwa ovyo na sufuria imeinama upande. Aliyetumwa maji amekawia. Mlezi wao amekaa pale karibu, anaona yote, naye hainuki. Kiongozi, pengine ana miaka kumi na mitatu, lazima aamue: amgombeze aliyekawia, au ampeleke mwenzake akamsaidie kubeba ndoo? Ugali ukiungua wataula hivyo hivyo, na kesho yake atakayepanga mafiga atayapanga kwa makini. Ahadi yao ina sehemu tatu, ndiyo maana huapa kwa vidole vitatu: Mungu, nchi, na kuwasaidia watu. Mafiga nayo ni matatu, na msichana aliyekwisha kumwagikiwa na sufuria anajua kwa nini.

Bibi zetu hawakuwa wageni wa kujifunza hivi, kikundini na kwa vitendo. Mwali alifundwa na somo, ndani, pamoja na wenzake, kwa ngoma na vitendo. Tofauti ni kwamba somo alikuwa mtu mzima aliyechaguliwa na wazazi, na alimwandaa mwali kwa ndoa. Girl Guides humweka binti mwenye umri wao mbele ya wenziwe, akajifunza kuongoza kabla hajaolewa na hata kama hataolewa.

Chama cha dunia kina vituo vyake Uswisi, Mexico, India na London, vyote vyenye majengo. Cha tano, cha Afrika, hakina jengo. Huhama nchi hadi nchi, na jina lake ni Kusafiri. Ni neno letu, la lugha iliyotembea na misafara kutoka pwani mpaka Kasongo, ndani ya Kongo.

Tarehe 22 Februari, siku waliyozaliwa Robert na mkewe Olave, ndiyo siku ya Guides wa dunia nzima kukumbukana. Wawili hao wamezikwa Nyeri, Kenya. Walimu wakuu, siku hiyo ikifika, msiwaite wasichana kusimama juani na kusikiliza hotuba. Wapeni alasiri moja, kuni na sufuria, na muwaache wachague kiongozi wao wenyewe.