Hata Kiingereza Kilikopa

Kuna watu hupenda kusema Kiswahili ni lugha ya kuombaomba, eti maneno mengi ni ya Waarabu. Sawa, tuingie dukani basi. Neno sukari tulilitoa kwa Kiarabu, sukkar. Na "sugar" je? Ilitoka hapo hapo, ikapitia Kifaransa cha zamani ndio ifike Uingereza. Ukifuata mzizi wake unafika India, kwa Kisanskriti: sharkara, yaani changarawe. "Cotton" pia ni Kiarabu, qutn. "Alcohol" ilianza kama al-kuhl, ule unga wa wanja wa macho. Mbona hao hawasemi Kiingereza kinaombaomba? Bidhaa ikisafiri, jina husafiri nayo. Wacheni kukionea Kiswahili aibu.