Mwanya wa Mama Zaina

Mhusika wa katuni hazaliwi siku anapochorwa mara ya kwanza. Picha ya kwanza ni picha tu. Anazaliwa katika ya pili, pale msomaji anapomwona kwa mgongo, au nusu uso gizani, na bado akasema: ni yule yule. Nafundisha watoto kuchora hapa Mutanga Nord, Bujumbura, na somo hili huwatesa kuliko kuchora vidole. Sasa mashine za kutengeneza picha kwa akili mnemba nazo zimekwama papo hapo, na wahandisi wanazungumza kana kwamba jambo limezuka juzi. Ni la zamani, na historia yake ilipita hata kando ya Ziwa Tanganyika.

Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa Bujumbura tulianza na Tintin. Mchoraji wa Kibelgiji, Hergé, alianza kumchapisha mjini Brussels Januari 1929. Katika hadithi ile ya kwanza, ya safari ya Urusi, gari linaondoka kwa kasi, upepo unainua nywele za paji la uso, na hazikushuka tena maisha yake yote. Kishungi hicho, na macho mawili ya nukta, vilitosha. Hadithi ya Kongo ikafuata 1930 hadi 1931, kisha ikachorwa upya kwa rangi mwaka 1946. Ifungue leo uone jambo ambalo walimu wetu walilinyamazia. Tintin ni yeye mwenyewe kila ukurasa, na mbwa wake vilevile. Wakongo nao wanafanana wao kwa wao: midomo ileile, macho yaleyale, mtumishi humtofautishi na mfalme ila kwa mavazi. Mzungu amepewa sura yake, mbwa amepewa sura yake, wenyeji wote wamegawana moja. Tangu nilipoliona hilo, kila picha ya umati wa watu weusi naitazama kwa swali moja: hapa kuna nyuso ngapi?

Wachoraji wetu walijibu kwa kalamu. Kenya, Edward Gitau alimbeba Juha Kalulu kwa miongo mingi, hata msomaji wa gazeti la Taifa Leo akawa anamjua Juha kama anavyomjua jirani yake. Dar es Salaam, zama za Ujamaa, Christian Gregory alimweka Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru. Hawa hawakuhitaji mbinu yoyote ya kumhifadhi mhusika, kwa sababu mhusika alikaa katika kifundo cha mkono wa mtu mmoja. Mkono ukizeeka, mhusika anazeeka nao kidogo kidogo, na msomaji hashtuki. Tatizo huanza mikono ikiwa mingi. Ndiyo maana studio ya Disney, miaka ya mwisho ya 1930, ilikuwa na idara nzima chini ya Joe Grant, kazi yake kutengeneza karatasi za mfano na visanamu, ili wachoraji mamia wakimchora mhusika mmoja kutoka mbele, ubavuni na nyuma, asigeuke kuwa mtu mwingine njiani.

Kwa upande wa ziwa letu, mfano ninaoupenda ni kitabu cha mchoraji Mkongo, Barly Baruti wa Kisangani, Madame Livingstone, alichokitoa mwaka 2014 pamoja na Christophe Cassiau-Haurie. Ni hadithi ya Vita Kuu ya Kwanza kwenye Tanganyika, Wabelgiji wakiiwinda meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ambayo leo inaitwa Liemba. Kiongozi wa njia ni chotara anayevaa sketi ya Kiskoti. Mweke msituni, mweke kwenye mtumbwi, mweke akiwa kitone tu mbali ufukweni: sketi inakwambia ni nani. Baruti anajua kuchora uso kwa ufundi mkubwa, na bado hakuuachia uso peke yake kazi hiyo.

Hapa Burundi wahusika wetu wakubwa hawakuwa na sura kabisa. Walikuwa wa redio. Studio Ijambo ilianzishwa 1995, vita vikiwa vinaendelea, na kuanzia 1997 ikaleta mchezo wa Umubanyi niwe muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, kuhusu familia mbili jirani, Wahutu na Watutsi. Kila msikilizaji alijichorea mwenyewe nyuso za watu wale, nami nilikuwa na zangu. Sauti ndiyo iliyowashika wasipotee. Nadhani ndiyo sababu, watoto wangu wa darasani wakimbuni mtu, humpa kwanza namna ya kusema, uso baadaye. Sijawakataza.

Sasa mashine. Mwaka 2022 ndio mlango ulipofunguka: Midjourney ilifunguliwa kwa watu wote Julai, Stable Diffusion ikatolewa Agosti. Mashine hizi huanza na chengachenga, kama runinga iliyokosa stesheni, kisha huzisafisha hatua kwa hatua mpaka zifanane na maneno uliyoandika. Picha ikimalizika, haibakizi kumbukumbu yoyote. Ukiandika tena "mwanamke wa makamo, kilemba cha kijani, anauza samaki", unapata mwanamke mwingine, maana maneno hayo yanawaenea wanawake maelfu. Mwaka huohuo Kris Kashtanova wa New York alitoa katuni nzima kwa Midjourney, Zarya of the Dawn, na wasomaji wakaona upesi kwamba Zarya amefanana na mwigizaji Zendaya. Ilikuwa mbinu ya siku zile: taja mtu maarufu, ambaye mashine imemwona mara nyingi, naye atarudi na uso uleule. Kushikilia uso kwa kuazima wa mwenzio! Februari 2023 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ikaamua kwamba maandishi na mpangilio wa kitabu ni mali ya Kashtanova, lakini picha zilizotoka kwenye mashine hazilindwi.

Mbinu za kumshika mhusika nazo zilikwenda mbio. Agosti 2022 watafiti wa Google walieleza DreamBooth: unaipa mashine picha tatu hadi tano za kitu kimoja, inajifunza kukihusisha na neno adimu, kisha unakiita kwa neno hilo. Machi 2024 Midjourney ikaruhusu kuambatisha picha ya mhusika kama kielelezo. Agosti 2025 Google ikatoa Gemini 2.5 Flash Image, sifa yake kubwa ikiwa hiyohiyo, kumrudisha mtu yuleyule katika picha mpya. Joe Grant angecheka. Ni karatasi ya mfano, imerudi kupitia mlango mwingine.

Mimi nina Mama Zaina, muuza ndagala wa mtaa wa Buyenzi, mhusika wa vijitabu vyangu vya watoto. Ana mwanya kwenye meno ya mbele, makovu mawili ya chanjo begani, na beseni la bati lililobonyea upande. Nilimpeleka kwenye mashine kwa kijana anayetoa fotokopi karibu na kampasi ya Chuo Kikuu, ambako umeme ukikatika kuna jenereta. Picha ya kwanza ilipendeza. Ya pili mwanya uliziba. Ya tatu ngozi ilififia, shingo ikarefuka. Nilipoomba harusi na nikataka avae imvutano, vazi letu la heshima, alitokea amefungwa kilemba kikubwa cha Kinaijeria, anatabasamu kama tangazo la dawa ya meno. "Mama, huyu siye wa mwanzo," kijana akasema. "Huyu ni dada yake aliyeolewa Ulaya."

Programu mpya zimepunguza sana upotevu huo, nakiri. Lakini angalia kinachopotea kwanza: mwanya, kovu, bonyeo la beseni. Mashine imelishwa mamilioni ya nyuso, kwa hiyo huvuta kila mtu kuelekea uso wa katikati, na kilicho cha mtu peke yake hukisawazisha kama kasoro. Ni kosa la Hergé wa 1930 likifanywa kwa adabu: zamani walitufananisha kwa ubaya, siku hizi wanatufananisha kwa uzuri.

Kwa hiyo kwenye kijitabu kinachofuata mashine nitaiachia ziwa, mvua na mabati ya Buyenzi. Mama Zaina namchora kwa mkono. Nawe kijana unayeanza, kabla hujafungua programu yoyote, chukua karatasi umchore mtu wako mbele, ubavuni na mgongoni, uandike pembeni vitu vitatu ambavyo hakuna mwingine anavyo. Picha yoyote isiyo na vitu hivyo, irudishe, hata kama imependeza.