Lubumbashi: Noeli ya mikono yetu, kutoka posho ya kampuni hadi munkoyo wa nyumbani

Lubumbashi. Desemba ikikaribia, swali ni lile lile katika komini za Katuba, Kenya na Ruashi: watoto watavaa nini, na sahani itakuwa na nini siku ya Noeli na ya Bonane? Wazazi wengine wanachukua deni la riba, lile tunaloliita banki lambert. Mwezi wa kwanza ukifika, mtoto anafukuzwa masomoni kwa kukosa minervali. Kabla ya kuchukua deni hilo, tuangalie kwanza historia ya mji wetu.

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ilianza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, ili wasirudi vijijini. Familia ilipewa posho: unga wa mahindi, samaki, maharagwe, mafuta ya mawese, chumvi. Mwenye watoto wengi alipata zaidi. Kisha Gécamines ikachukua nafasi hiyo, na wafanyakazi wengi wakasema kampuni ndiyo baba na mama. Basi sikukuu nayo ikategemea mshahara: mchele, nyama, bia, na nguo mpya za dukani.

Jaribio la kwanza lilitoka kwa serikali. Mwaka 1974 Mobutu aliondoa Noeli katika siku za mapumziko ya inchi. Tarehe 25 Desemba watu walipaswa kwenda kazini kama siku nyingine. Hata hivyo, jioni familia zilikutana nyumbani, maana kupika na kula pamoja hakukuhitaji ruhusa ya mtu.

Jaribio la pili lilikuwa kali zaidi. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, uliporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1993 haikufikisha hata tani 50,000. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000, hata mwenye mshahara hakujua ungenunua nini kesho yake.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliandika juu ya mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga. Baba aliyezoea kuheshimiwa kwa sababu ya posho alijikuta mikono mitupu. Wamama ndio waliobeba nyumba: walilima mashamba kandokando ya mji, wakauza unga, makala na mandazi.

Na sikukuu haikufa. Meza ilikuwa na bukari ya mahindi ya shambani, sombe na samaki wakavu. Kama kuna kuku, mmoja aligawanywa kwa watu kumi. Liputa la mama lilikatwa, likashonwa gauni la binti. Wavulana walijitengenezea motokari za waya. Mahali pa bia palikuwa na munkoyo: unapika uji mwepesi wa mahindi, unauacha upoe kidogo, unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, na ile mizizi inaulainisha na kuutia utamu. Unachuja, unauacha ulale, kesho yake unakunywa.

Tusidanganyane: njaa si mila. Mfanyakazi asiyelipwa alikuwa na haki ya mshahara wake, na mwaka 2003, wakati zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipoondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, nyumba nyingi ziliumia tena. Lakini miaka hiyo ilitufundisha kutofautisha vitu viwili. Vilivyotoka kwa kampuni viliondoka pamoja na kampuni. Vilivyotoka kwa mikono ya watu wa nyumbani vilibaki.

Kwa hiyo mwaka huu, minervali iwekwe pembeni kwanza. Wazazi waketi na watoto mapema, wawaambie ukweli wa mfuko. Mtoto aliyeambiwa mapema haoni haya mbele ya wenzake. Kila mmoja apewe kazi yake: huyu atwange sombe, yule achuje munkoyo. Na babu au bibi aliyeishi kambini aombwe aeleze, wakati watu wanakula, namna walivyokula Noeli mwaka ule mshahara haukufika. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na hadithi zao hazipatikani dukani.

Na kwenu je, ndugu msomaji, mlikula nini Noeli za miaka ile ya tisini? Tuandikie.