Binadamu Anayegeuka Mnyama: Kutoka Ngano hadi Mahakamani

Watahiniwa wengi wakikutana na mhusika aliye nusu mtu, nusu mnyama, hujibu mara moja kwamba hiyo ni ngano ya mazimwi. Jibu hilo huwa sahihi mara nyingi, lakini si kila mara. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa masimulizi ya aina hii hubadilika kulingana na imani ya hadhira, na kwamba mabadiliko hayo yamewahi kugharimu maisha ya watu.

Tuanzie nyumbani. Katika ngano za Wabukusu wa Bungoma yumo linani, zimwi mla watu. Kwa wanafunzi Wakalenjin wa Kitale, jina maarufu ni Chemosit. A. C. Hollis alimweleza katika kitabu chake The Nandi (1909) kuwa ni nusu mtu, nusu ndege, mwenye mguu mmoja, makalio tisa na kinywa chekundu king'aacho usiku kama taa. Alisemekana kuwanasa watoto kwa wimbo gizani. Dhima ya masimulizi haya ni wazi: kuonya na kuadilisha. Ngano ikiisha, watoto hulala. Hakuna jirani anayeshtakiwa.

Hali ilikuwa tofauti Singida, Tanganyika, kati ya 1946 na 1948. Watu wengi walikutwa wamekufa wakiwa na majeraha kama ya makucha, na wanavijiji wakawataja watu-simba. Uchunguzi ulionyesha kuwa wauaji walikuwa binadamu, na baadhi yao walihukumiwa kunyongwa. Hapa simulizi lilimficha muuaji: alaumiwapo simba, nani atamtafuta mwenye kisu?

Miaka hiyohiyo, Njombe ilishuhudia kinyume chake. Huko wauaji walikuwa simba halisi, lakini wenyeji waliamini kwamba walitumwa na mganga Matamula Mangera. Kwa hofu, wengi hawakuthubutu hata kuwataja simba hao. George Rushby, ofisa wa wanyamapori, aliwasaka na kuwaua kwa bunduki. Singida mtu aliitwa simba. Njombe simba alihesabiwa kuwa mkono wa mtu. Kote kuwili, imani ilichelewesha msaada.

Imani hii si ya Afrika pekee. Mnamo karne ya 12, Gerald wa Wales aliandika kuhusu Ossory, nchini Ireland, ambako ilisemekana kwamba kila baada ya miaka saba mwanamume na mwanamke walilazimika kuishi wakiwa mbwamwitu. Mmoja wao alimwendea kasisi msituni, akamwomba ampe mwenzake sakramenti kabla hajafa. Baada ya kusimulia, Gerald aliuliza swali zito: anayemuua kiumbe kama huyo, je, ameua mtu? Swali hilo ndilo mahakimu wa Tanganyika walilokabiliana nalo kwa namna yao.

Kwa hiyo, mtahiniwa anapochambua utungo wa namna hii, asitosheke kumtaja zimwi. Ajiulize: je, hadhira inalichukulia simulizi kuwa ubunifu au tukio la kweli? Linamwonya nani, na linamlaumu nani? Likichukuliwa kuwa ubunifu, tuna ngano. Likisadikiwa kuwa lilitokea, limekaribia visakale, nalo huweza kumlinda mwenye hatia au kumwangamiza asiye na kosa. Mwalimu naye asiyafukuze darasani masimulizi haya kwa kuyaita ushirikina tu. Ayafundishe pamoja na historia yake.