Mkusanyo wa Murumbi: Hazina ya Sanaa Ambayo Nairobi Huipita Kila Siku

Mwambie mtu wa Nairobi "tupatane Archives" naye hatakuuliza ni wapi. Jengo lile la kale, lililokuwa benki enzi za ukoloni, limesimama kati ya Moi Avenue na Tom Mboya Street, pale ambapo wanaoshuka matatu za Eastlands hukutana na wanaopanda kuelekea mitaa ya ofisi na mahoteli. Wahubiri hupaza sauti hapo adhuhuri, wapiga picha hutafuta wateja, na wageni waliotoka mashambani huwangoja wenyeji wao wakiwa wameshikilia mizigo. Karibu na jengo hilo pana sanamu ya Tom Mboya, iliyosimamishwa mwaka 2011 hatua chache kutoka mahali alipopigwa risasi mnamo Julai 1969.

Wapitao ni maelfu, waingiao ni wachache. Na wengi katika hao wachache ni watafiti na wanafunzi wanaopanda moja kwa moja ghorofani kutafuta ripoti za wilaya na majalada ya serikali ya kikoloni, maana hapa ndipo makao ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Ukumbi wa chini wanaoukatiza kwa haraka ndio ninaotaka kuuzungumzia. Humo mna vinyago vya Afrika Magharibi, vigoda vya wazee, ngao na mikuki, vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, mapambo ya shanga na ya fedha, milango na viti vilivyochongwa. Afrika nzima imekaribishwa chumba kimoja. Waliovikusanya ni mume na mke, Joseph Murumbi na Sheila, na historia ya vitu hivyo inaeleza mengi kuhusu Kenya ambayo vitabu vya shule huyapita juu juu.

Joseph Zuzarte Murumbi alizaliwa mwaka 1911 huko Eldama Ravine. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mgoa, mama yake Mmasai. Alipokuwa mtoto mdogo babake alimpeleka India kusoma, akakulia huko katika shule za bweni za Kikatoliki, na aliporudi Kenya miaka ya 1930 alikuwa kijana mtu mzima. Kenya ya wakati ule iligawa watu kwa rangi hadi kwenye mishahara na vyoo. Kijana mwenye jina la Kigoa na elimu ya India angeweza kujisajili upande wa Wahindi na kupata nafuu kidogo ya maisha. Yeye alichagua ukoo wa mama yake, akalichukua jina la Murumbi na kuingia upande wa Waafrika. Uamuzi huo naona ndio ufunguo wa yote aliyoyafanya baadaye. Mtu aliyelazimika kuutafuta Uafrika wake hakuweza kuuchukulia kuwa kitu kidogo.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari na kuwakamata viongozi wa chama cha Kenya African Union (KAU), Murumbi aliishika kazi ya katibu mkuu wa chama hicho kwa muda. Mwaka uliofuata alikuwa uhamishoni, na hatimaye akafika London, alikofanya kazi na wanaharakati waliopinga ukoloni. Huko alikutana na Sheila Kaine, Mwingereza aliyekuwa mkutubi. Huko pia ndiko alikozama katika kukusanya. Maduka ya vitabu vikuukuu ya London yalikuwa na shehena za maandishi kuhusu Afrika: safari za wapelelezi, kamusi za wamisionari, ramani, ripoti. Historia ya bara zima iliuzwa rejareja kwa yeyote mwenye shilingi chache. Murumbi alinunua alichomudu, na mkutubi aliyekuwa naye alijua namna ya kukipanga.

London ilimwonyesha jambo jingine pia. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza zilikuwapo kazi za shaba na pembe za ufalme wa Benin, zilizoporwa mwaka 1897 majeshi ya Uingereza yalipoiteka na kuichoma ikulu ya mfalme wake. Mwafrika aliyetaka kuona kilele cha sanaa ya babu zake alilazimika kupanda meli hadi Ulaya. Hali hiyo haijabadilika sana hata leo, ila sasa tunapanda ndege.

Alirudi Kenya mwaka 1962. Uhuru ulipopatikana alikuwa Waziri wa Nchi, kisha kuanzia mwaka 1964 Waziri wa Mambo ya Nje, kazi iliyomfikisha karibu kila pembe ya Afrika. Mawaziri wengi husafiri na kurudi na masanduku ya nguo. Yeye alirudi na vinyago, vitambaa, misalaba ya Kihabeshi, na stempu za posta za nchi zilizokuwa zikijikomboa moja baada ya nyingine. Wakati uo huo alihimiza taifa jipya litunze kumbukumbu zake, na sheria iliyoanzisha hifadhi ya nyaraka za taifa ilipitishwa mwaka 1965.

Nyaraka hizo zenyewe zina kisa. Kabla ya kushusha bendera, maofisa wa Kiingereza walichoma majalada mengi na kuyasafirisha mengine kwao. Kenya iliomba yarudishwe mwaka 1967, ikakataliwa, ikaomba tena katika miaka iliyofuata, ikakataliwa tena. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza ikiendelea mjini London, ndipo serikali hiyo ilipokiri kwamba majalada 1,500 hivi ya Kenya yalikuwa yamefungiwa Hanslope Park, kaskazini mwa jiji hilo. Murumbi alikuwa ameshafariki zaidi ya miaka 20 kabla.

Mwezi Mei 1966, Jaramogi Oginga Odinga alipokwisha kujiuzulu umakamu wa rais, Rais Kenyatta alimteua Murumbi kuwa Makamu wa Rais mpya. Mwaka haukuisha, naye akaondoka. Kauli rasmi ilikuwa kwamba anakwenda kufanya kazi katika kampuni binafsi. Waliokuwa karibu naye wamesimulia zaidi ya hapo, na daima jina moja hurudi: Pio Gama Pinto, mwanahabari na mpigania uhuru mwenye asili ya Kigoa kama yeye, aliyepigwa risasi langoni pa nyumba yake Nairobi tarehe 24 Februari 1965, binti yake mdogo akiwa ndani ya gari. Pinto alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Siasa iliyoweza kumuua mtu kama yule haikumvutia tena Murumbi. Wachache sana katika historia yetu wamewahi kushika kiti cha pili kwa ukubwa nchini na kukiacha kwa hiari. Daniel arap Moi alikikalia Januari 1967.

Nairobi ya miaka hiyo ilikuwa ikichemka kwa sanaa. Mwandishi Mwafrika Kusini Ezekiel Mphahlele alikuwa ameanzisha kituo cha Chemchemi mwaka 1963. Miaka miwili baadaye mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu kule Kilimanjaro, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Paa ya Paa, jumba la maonyesho lililoongozwa na Waafrika wenyewe. Nayo makumbusho ya taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1930 kwa jina la gavana Coryndon, yalikuwa yametokana na chama cha wapenzi wa ndege, vipepeo na mawe. Kazi yake kwa viumbe vya porini ni kubwa na naiheshimu, lakini msanii Mwafrika aliye hai hakuwa na nafasi ndani yake.

Hapo ndipo Murumbi alipokutana na Alan Donovan, kijana Mmarekani aliyekuwa ameacha kazi ya shirika la misaada la nchi yake huko Nigeria, akafika hadi Turkana. Donovan alionyesha Nairobi vitu alivyovikusanya kwa Waturkana: vigoda vya kulalia kichwa, vibuyu, visu vya mkononi, mapambo. Mgeni mmoja wa maonyesho alivitazama kwa makini kuliko wote, na huyo alikuwa Makamu wa Rais mstaafu. Kutokana na urafiki uliozaliwa hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1970 walifungua African Heritage, duka na ukumbi wa sanaa ya Afrika nzima. Wachongaji, wafumaji na wasonara walipata soko. Bendi iliyobeba jina la jumba hilo ilimtoa Ayub Ogada, mpiga nyatiti aliyesikika baadaye duniani kote.

Biashara ya vitu vya mila ina upande mchungu, nami sitaunyamazia. Katika miaka ile ile soko la sanaa ya Afrika lilipopanda bei, vigango vya Wamijikenda viliibwa pwani. Kigango ni mti uliochongwa na kusimikwa kwa heshima ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, na kwa jamaa zake kuking'oa ni kumsumbua marehemu. Mamia ya vigango viliishia Marekani. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 katika boma moja karibu na Kaloleni vilirudishwa mwaka 2007, kimoja kutoka makumbusho ya jimbo la Illinois na kingine kutoka Chuo Kikuu cha Hampton. Vingi bado viko huko. Kati ya kuhifadhi na kupora pana mstari, na mwenye kauli ya mwisho kuhusu mstari huo awe ni jamii iliyokichonga kitu chenyewe.

Turudi kwa Murumbi. Miaka ya 1970 ilipofika nusu, nyumba yake ya Muthaiga ilikuwa imefurika. Vitabu adimu vilipita 8,000. Wanunuzi wa nje walikuwa tayari kulipa zaidi, lakini alitaka mkusanyo ubaki Kenya, akaiuzia serikali vitu pamoja na nyumba yenyewe. Makubaliano yalikuwa kwamba nyumba ingegeuzwa kuwa taasisi ya masomo ya Afrika yenye jina lake, ambako wasomi wangekuja kusoma na kulala hapo hapo. Yeye na Sheila wakahamia shamba lao la Intona, Transmara.

Taasisi haikujengwa. Nyumba ya Muthaiga iliachwa ichakae, kisha ikabomolewa, na miti ya asili iliyokuwa imepandwa na kulindwa kwa miaka ikakatwa. Murumbi, akiwa mgonjwa wa kiharusi, aliishi hadi kuona haya yakitendeka. Alifariki Juni 1990. Ombi lake la mwisho lilikuwa azikwe karibu na Pinto, naye akazikwa City Park, kwenye ukingo wa makaburi alipolala rafiki yake. Hata hapo hakuachwa apumzike: wanyakuzi wa ardhi waliimendea bustani hiyo, na kaburi lake likaharibiwa.

Yaliyookolewa yaliokolewa na watu wachache wenye ukaidi wa kheri. Sheila alifariki mwaka 2000, akazikwa kando ya mumewe. Donovan na wenzake wakaunda wakfu wa Murumbi, wakavitoa vitu stoo na kuvipanga katika ukumbi wa Archives, na sehemu nyingine ya mkusanyo ikapelekwa Nairobi Gallery, jengo la mawe la mwaka 1913 kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Hiyo ilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, mahali pa kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, na masafa ya barabara za nchi yalihesabiwa kuanzia hapo. Leo ofisi zake ndogo zinazouzunguka ukumbi wa katikati zimejaa sanaa. Mwaka 2009 City Park ikatangazwa kuwa turathi ya taifa. Donovan naye alifariki Desemba 2021.

Ukiwa na siku moja tu Nairobi, inatosha. Anza Archives asubuhi, siku ya kazi, na usikimbilie picha ya simu. Simama mbele ya kinyago kimoja hadi uone alipoanzia mchongaji na alipobadilisha mkono. Tembea hadi Nairobi Gallery, kisha panda matatu ya Limuru Road ushuke City Park, ukiwa umeficha vizuri chakula chako kwa sababu ya kima. Kwenye makaburi ya Murumbi na Sheila zimesimama sanamu za wachongaji ambao wawili hao waliwapenda na kununua kazi zao walipokuwa hai, miongoni mwao Mganda Francis Nnaggenda, aliyewafunza wengi Makerere, na Elkana Ong'esa wa Tabaka, Kisii, ambaye ndege wake wa jiwe yuko pia makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Ong'esa amelichukua jiwe lile lile ambalo majirani zake hulichongea visahani vya watalii, akalipa ukubwa wa mnara. Iguse kazi yake kwa macho muda mrefu. Kwangu hiyo ndiyo bora kuliko zote katika safari hii.

Walimu wa Nairobi, wapelekeni wanafunzi hapo kabla ya kuwapeleka kuona simba. Na serikali iliyovipokea vitu hivi kwa ahadi bado inadaiwa taasisi ya Murumbi. Muthaiga imekwenda na hairudi, lakini vitabu vipo na vinyago vipo. Itengwe nyumba nyingine, deni lilipwe.