Kitabu au Refa?

Ukimuunda mhusika katika toleo la mwaka 2014 la Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika, si lazima uguse dadu. Kitabu kinakupa namba sita, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, uzigawe upendavyo kwenye nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Usipozitaka, unapewa pointi 27 ununue mwenyewe. Katika vijitabu vya kwanza vya mchezo huo, vya 1974, mambo hayakuwa laini hivyo: refa, yaani msimamizi wa mchezo, alitupa dadu tatu kwa kila sifa, na mchezaji akapokea kilichoanguka. Kupata 18 ilikuwa nafasi moja kati ya 216. Ukiletewa mhusika mwenye akili 7, ndiye wako huyo.

Nani aliyempa refa mamlaka hayo? Tukirudi nyuma kutafuta jibu tunavuka bahari hadi Prussia. Mwaka 1824 luteni Georg Heinrich von Reiswitz, akiendeleza kazi ya baba yake, alichapisha Kriegsspiel, mchezo wa kuwafunza maofisa vita juu ya ramani. Kila upande uliandika amri zake na kumkabidhi mwamuzi, naye aliamua nani kamwona adui, na kwa dadu na majedwali akaamua nani kafa. Majedwali yaliwachosha watu. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza yawekwe kando, ofisa mzoefu aamue kwa ujuzi wake. Tangu hapo wachezaji wamegawanyika: wapo wanaotaka jibu litoke kitabuni, na wapo wanaoridhika litoke kinywani mwa mtu.

Mgawanyiko huo ulivuka Atlantiki ndani ya Strategos, kitabu cha mwanajeshi wa Marekani Charles Totten cha mwaka 1880. Miongo mingi baadaye David Wesely wa Minnesota alikisoma na kuokota wazo moja: mchezaji ajaribu lolote, refa aamue. Mwaka 1969 aliandaa mchezo kuhusu mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein, na badala ya kumpa kila mtu kikosi akampa mhusika mmoja wa kuigiza. Wachezaji hawakungoja zamu. Walijificha pembeni kula njama, na wawili wakaitana kupigana ana kwa ana, jambo ambalo Wesely hakuwa na kanuni yake, ikabidi aitunge papo hapo. Alidhani ameharibu jioni ya watu. Wao wakataka tena.

Dave Arneson, mmoja wa kundi hilo, aliupeleka mtindo huo Blackmoor, nchi yake ya majoka na mahandaki. Hapo ndipo unapoona jinsi mhusika anavyozaliwa kutokana na swali. Mchezaji mmoja aligeuka mnyonya damu, Sir Fang, akawa tishio lisilozuilika. Afanyweje? Akabuniwa mwindaji wa viumbe hao, na mwindaji huyo ndiye mzazi wa kasisi, moja ya aina tatu za wahusika wa 1974 pamoja na mpiganaji na mchawi, Arneson na mwandishi mwenzake Gary Gygax walipotoa nakala 1,000 za kwanza za Dungeons & Dragons.

Mwizi alipoingia rasmi kupitia nyongeza ya Greyhawk, 1975, alikuja na asilimia zake za kufungua kufuli na kunyata. Zawadi nzuri, ila ina hila. Mpiganaji ambaye jana alimwambia refa kwamba anapita polepole nyuma ya mlinzi, leo anaulizwa: wewe ni mwizi? Kwa maoni yangu hapa ndipo mchezo ulipopata utajiri wake na pia kero yake: kila uwezo uliopewa mmoja uliwapunguzia wenzake uhuru.

Vijitabu vya 1974 viliwahimiza wasomaji wajiamulie wenyewe. Kufikia 1979, katika mwongozo wa refa wa Advanced Dungeons & Dragons, Gygax alitaka meza zote zifanane, na mwaka huohuo jarida la The Dragon likaanzisha Sage Advice, safu ya kujibu maswali ya kanuni. Jina hilo lilidumu hadi zama za toleo la 2014, majibu yakikusanywa katika waraka rasmi. Ndani yake wahariri wanakiri kwamba kanuni haziwezi kutabiri kila tukio, na kwamba refa ndiye anayeshika usukani.